Usiulize Kama Kunapitika

Kila masika na kila vuli, simu za watu wa Handeni na Korogwe hubeba swali moja: "Kunapitika?" Anayeuliza yuko Dar es Salaam au Moshi, begi amekwishafunga. Anayeulizwa yuko Sindeni au Komkonga, amekaa barazani anasikiliza mvua ikipiga bati. Jibu nalo huwa moja: "Kunapitika, njoo tu."

Nimejibu hivyo kwa miaka mingi, na nimejibiwa hivyo mara nyingi zaidi. Sasa nimeacha. Neno hilo lina maana nyingi mno. Kwa kijana wa bodaboda, kunapitika maana yake wenzake watatu watamsaidia kuinyanyua pikipiki mabegani, na abiria atavuka kwa miguu, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Kwa dereva wa lori la mahindi, maana yake injini yake iko juu na mzigo ni mzito. Kwa shangazi aliyekwishachinja kuku, maana yake anatamani ufike. Hakuna aliyedanganya hapo. Ila hakuna pia aliyekujibu wewe, unayekuja na watoto wawili ndani ya gari dogo, na utakayefika kwenye korongo saa moja usiku.

Makala haya nakuandikia wewe ambaye safari imekwishapangwa, tangazo la mvua kubwa au kimbunga limekwishasomwa, na nyumbani kila mtu ana lake la kusema.

Mei 2024 tulikuwa watu saba wa familia moja. Tulipanga kutoka Korogwe Ijumaa tarehe 3, tulale Dar es Salaam, kisha Jumamosi tuteremke Kilwa Masoko kwa mdogo wangu, ambaye binti yake alikuwa anaolewa Jumapili. Sare zilikuwa zimeshonwa. Alhamisi ikatangazwa habari ya kimbunga Hidaya: kiko baharini mashariki ya Mtwara, kinasogea pwani. Usiku ule, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, tukakusanyika sebuleni kwa kaka yetu mkubwa. Mmoja akasema nauli imelipwa. Mwingine akasema vimbunga hutangazwa kila mwaka na havifiki. Shemeji akasema tusipokwenda, mdogo wetu hatatusamehe. Kaka, ambaye aliendesha malori njia ya kusini ujana wake wote, aliuliza jambo moja tu: "Tukifika Somanga tukakuta maji yamepita juu ya barabara, tutafanya nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Akasema basi hatuondoki mpaka mtu apate jibu la swali hilo.

Jumamosi tarehe 4 Hidaya ilifika Mafia na pwani ya jirani, kisha ikapoteza nguvu. Boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimama. Mvua iliyoambatana nayo ilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, na abiria wakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa, wengine wakiwa na watoto wachanga na wagonjwa. Kaka hakutabiri hilo. Hakuwa na ujuzi wowote wa kimbunga. Alichokijua ni barabara: kwamba ni moja, kwamba mahali fulani inapita bondeni, na kwamba palipo bonde huwezi kupita pembeni. Tangu siku ile naamini kwamba msafiri akishindana na utabiri, atafika ama hatafika kwa bahati. Akiijua njia yake, ana la kuamulia.

Vimbunga kufika kwetu ni nadra, na sababu ni mahali tulipo. Kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na dunia kujizungusha, na karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu, kwa hiyo vingi huzaliwa kusini zaidi na kuelekea Madagascar na Msumbiji. Hata hivyo vimekuja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kuangusha mikarafuu. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Aprili 2019 watu wa Mtwara walihimizwa kukimbilia sehemu za juu kwa sababu ya Kenneth, ambacho mwishowe kiliteremkia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Aprili 2021, siku mbili tatu kabla ya sikukuu ya Muungano, Jobo kilielekea Dar es Salaam kisha kikafifia kabla hakijaleta madhara makubwa, na wapo waliosema tumetishwa bure. Itazame miezi hiyo. Karibu vyote vimekuja Aprili au mwanzo wa Mei, ndani ya masika, udongo umeshashiba na mito imejaa. Ndiyo maana hata kimbunga kilichochoka kinaweza kukata barabara.

Lakini kwa msafiri wa Handeni na Korogwe, sitaki umuogope Hidaya peke yake. Mvua inayoua hapa kwetu huwa haina jina. Mwishoni mwa Oktoba 2019, mvua za vuli zilileta mafuriko Handeni, watu wakafa, na barabara ya Handeni–Korogwe ikakatika. Hapakuwa na kimbunga. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa imepata joto kupita kawaida mwaka ule, mawingu yakaja mazito, basi. Na tarehe 25 Aprili 2024, kabla Hidaya haijazaliwa, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Kimbunga kikipewa jina, taifa zima husimama kusikiliza. Mvua ya Jumanne ya kawaida inayomkuta mtu bondeni haitangazwi na mtu, na wewe ndiye utakayebaki kujiuliza maswali.

Fikiri hivi. Wataalamu wetu huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita 50 si kitu machoni, ni kama urefu wa kidole cha shahada ukikikunja kidogo. Lakini ekari moja ikipokea mvua hiyo, imepokea maji ya mapipa kama 1,000 ya lita 200. Sasa chukua mlima mmoja tu wa Usambara juu ya Mombo, uhesabu ekari zake. Ardhi ikiwa kavu itanywa sehemu. Ikiwa imenyeshewa wiki nzima, maji yote yanatafuta bonde, na bonde lina karavati la kipenyo cha pipa moja. Ndiyo maana unaweza kusimama kando ya korongo kukiwa na jua, vumbi viatuni, na maji yakaja yamebeba magogo. Mvua hiyo hukuiona. Ilinyesha mahali pengine, saa mbili zilizopita.

Tofautisha basi mto na mto. Korongo hujaa haraka na kupungua haraka, mara nyingi ndani ya saa chache, na mtu mwenye subira anaweza kulikalia. Pangani, ambao wengi huku tunauita Ruvu, unakusanya maji kuanzia Kilimanjaro na Meru, na ukijaa pale Korogwe hauna haraka ya kushuka. Na hata maji yakishuka, usikimbilie kuwa wa kwanza kuvuka. Mara nyingi daraja lenyewe hubaki limesimama. Kinacholiwa ni maingilio yake, ule udongo unaounganisha daraja na barabara. Lami hubaki juu kama mkeka, chini pametobolewa. Subiri mtu wa barabara aseme neno.

Kuhusu tangazo lenyewe, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa hali mbaya wa siku tano, na maneno yake yana ngazi: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Wengi huishia hapo. Chini yake huandikwa mambo mawili ambayo mimi huyasoma kwanza: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Hayo ni mambo mawili tofauti. Uwezekano mkubwa wenye athari ndogo maana yake utalowa. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa maana yake huenda lisitokee lolote, lakini likitokea litakuwa zito, na hilo ndilo linalonifanya niahirishe nikiwa na watoto. Kumbuka pia kwamba tangazo husema "baadhi ya maeneo ya mkoa wa Tanga", na mkoa huu unaanzia mawimbi ya Pangani, unapanda misitu ya Usambara, kisha unateremka nyika ya Handeni hadi Kilindi. Kutonyesha Tanga mjini si habari ya Handeni. Na ile sauti inayozungushwa kwenye simu bila tarehe, au video ya daraja lililokatika ambayo huenda ni ya miaka mitatu iliyopita, usiiamulie safari, wala kwa kwenda wala kwa kutokwenda.

Tangazo likishasomwa, piga simu. Usimpigie unayemwendea, mpigie anayekaa karibu na maji. Muuza chapati wa pale kituoni, kondakta wa basi lililopita asubuhi, mwalimu wa shule iliyo jirani na daraja. Na usimuulize kama kunapitika. Muulize maji yamefika wapi: kwenye tairi, kwenye kingo za daraja, kwenye ule mti? Gari la mwisho kuvuka lilikuwa saa ngapi, na lilikuwa gari gani? Yanapanda au yanashuka? Rangi yake ikoje? Maji mekundu yenye takataka ni maji mapya, bado yanakuja. Mtu akiulizwa hivyo hawezi kukujibu kwa adabu tu, inabidi ageuke atazame. Nimewahi kumpigia kijana mmoja wa bodaboda ambaye aliniambia kunapitika kabisa. Nilipomuuliza jiwe kubwa la upande wa kushoto linaonekana, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, jiwe silioni."

Tulipata jibu letu bila kutoka nyumbani.

Usidhani una njia mbili tu, kwenda na kutokwenda. Nne zipo, na watu huisahau ile iliyo bora. Ya kwanza ni kuwahi. Utabiri wa siku tano ni zawadi kwa mtu ambaye safari yake haina budi. Kama mvua inatarajiwa Ijumaa na wewe una kliniki Jumamosi, ondoka Jumatano. Kwa mjamzito anayekaribia siku zake kijijini, au mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali ya Bombo, Tanga, hili silisemi kama pendekezo. Mwombe ndugu wa mjini akukaribishe wiki nzima kabla, ukalale karibu na hospitali. Ukingoja uchungu uanze ndipo utafute gari, utakuwa umeuachia mto ukuamulie.

Ya pili ni kusubiri, na ya tatu ni kuacha. Ya nne ni kulala njiani, nayo watu huiona kama aibu. Basi likikufikisha Segera au Mkata saa kumi na moja jioni na mawingu yamefunga upande wa Handeni, gesti ipo, na asubuhi ipo. Kutoka Mkata hadi Handeni ni kilomita 54, na kutoka Korogwe hadi Handeni ni 65, zote lami. Mtu huona ni karibu, akajitosa. Na usitegemee sana kwamba njia moja ikikatika utazunguka kwa nyingine. Ni kweli unaweza kuuacha upande wa Korogwe ukapitia Mkata, lakini wingu lililojaza makorongo ya huku mara nyingi limejaza na ya kule. Uliza njia zote mbili kabla ya kugeuza gari.

Usiku nauweka peke yake. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na kwa mfanyabiashara ni nafuu kubwa. Lakini taa za gari zikipiga maji ya kahawia juu ya lami, dereva anaona lami. Hawezi kuona kina, wala kasi, wala kwamba nusu ya barabara haipo. Wiki ya mvua kubwa mimi huchagua basi la alfajiri, hata kama linanipotezea siku ya kazi.

Kina chenyewe huwadanganya wengi. Maji yanayokwenda kwa kasi yakifika juu kidogo ya kifundo cha mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika katikati ya muundi yanaweza kuanza kuliinua gari dogo, kwa sababu gari ni sanduku lenye hewa na maji hulisukuma kutoka chini. Yakifika magotini na kupita, hata magari makubwa huchukuliwa. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi nchini Kenya, basi lililowabeba wanakwaya kwenda harusini liliingia mto Enziu uliokuwa umepita juu ya daraja. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wanatazama, wengine wanarekodi kwa simu. Basi lilikwenda hatua kwa hatua, likafika katikati, likaegemea upande, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Nilipoitazama picha ile nilifikiria nguo zao, kwa sababu najua mtu anavyojiandaa kwa harusi. Walikuwa safarini kwenye furaha, na naamini kila mmoja wao alikuwa amejibiwa na mtu kwamba wafike tu.

Nimekaa ndani ya gari kama lile. Ilikuwa vuli ya mwaka mmoja, Coaster ya kutoka Korogwe kwenda Handeni, imejaa hadi kiti cha katikati. Tulifika kwenye korongo maji yakiwa juu ya barabara, kama hatua 20 za upana. Kandambili moja ya mtoto ilipita mbele yetu, ya bluu, ikizunguka. Dereva alizima redio. Kondakta akavua viatu, akaingia hatua tatu, akarudi, akasema, "Twende, ni padogo." Nilikuwa nimekaa kiti cha pili na sikukubaliana naye hata kidogo, lakini nilinyamaza. Nilimtazama mwenzangu, naye akanitazama. Watu zaidi ya 30, kila mmoja anamsubiri mwingine aseme. Dereva akatia gia.

Ndipo bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, amepakata kikapu cha kuku, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, nifungulie nishuke." Kondakta akamwambia, "Bibi, kaa, tunavuka sasa hivi." Bibi akarudia maneno yaleyale. Alipofunguliwa, baba mmoja akashuka naye kumshikia kikapu. Kisha mama mwenye mtoto. Kisha mimi. Ndani ya dakika tano gari lilibaki na vijana wanne na dereva, na dereva akaona haya kuingia majini na gari tupu huku abiria wote wamesimama nyuma yake. Tulikaa pale saa tatu. Maji yalipungua, tukavuka, bibi akakaa palepale mlangoni.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndipo ushauri mwingi unapoishia. Watu wanajua kwamba maji ni hatari. Wakifika ukingoni, hata hivyo, nauli imelipwa, giza linaingia, wenzao wako kimya, na anayepinga anaonekana mwoga. Pale ukingoni si mahali pa kuamulia. Amua nyumbani, kwa maneno kamili, na umwambie mtu: "Nikikuta maji juu ya barabara, ninashuka." Ukishalisema jambo hilo mezani mbele ya mumeo au mama yako, kulisema mbele ya kondakta ni rahisi zaidi. Na kama wewe ndiye mkubwa kiumri ndani ya gari, tafadhali usimsubiri mwingine. Sauti yako inasikika kuliko yangu.

Sasa msiba. Harusi huahirishwa, biashara husubiri, lakini mauti hayangoji hali ya hewa, na kwetu kutofika mazikoni ni jeraha. Sitakuambia kwamba ni jambo dogo. Ninachokuomba ni kwamba usiende kwa sababu ya kuogopa watasemaje. Mpigie mkubwa wa ukoo wewe mwenyewe, usitume ujumbe wa maandishi. Mweleze ulichoambiwa kuhusu njia, kwa maneno yale ya jiwe na tairi, ili na yeye aone. Tuma rambirambi kwa simu siku hiyohiyo, maana sanda na chakula cha wageni ni mambo ya leo. Kisha taja siku utakayofika, matanga au arobaini, na ufike kweli. Nimekaa kwenye misiba mingi. Anayekuja wiki mbili baadaye, akakaa siku tatu wageni wengine wakiwa wamekwishaondoka, wafiwa humkumbuka kwa muda mrefu.

Na upande wa mwenyeji pia uko. Wewe unayesubiri wageni Handeni au Mombo au Bumbuli, usiseme "njoo tu". Mvua ikiwa kubwa, kuwa wa kwanza kusema "msije leo." Mgeni hawezi kulisema neno hilo bila kuogopa kukuudhi, wewe unaweza. Kwa wa milimani nasisitiza zaidi, kwa sababu barabara ya Mombo, Soni hadi Lushoto ina ubavu wa mlima upande mmoja na genge upande mwingine, na udongo ulioloa hauna taarifa ya kutoa kabla haujaporomoka.

Wanaovuka bahari kutoka huku, kupitia Tanga kwenda Pemba au Pangani kwenda Unguja, kwao jambo ni fupi. Vyombo vikubwa vikisimamishwa, hakuna safari. Usiende kutafuta jahazi au mashua ya mashine kwenye bandari bubu, kwa sababu upepo uliomzuia nahodha wa meli ni uleule. Julai 2012 meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe kwenye upepo mkali wa kusi, na hapakuwa na kimbunga chochote siku ile.

Ukiamua kwenda, nenda kama mtu anayeweza kukwama. Dawa za presha au sukari zibebe za wiki mbili hata kama unakwenda siku mbili. Pesa taslimu uwe nazo kiasi, kwa sababu umeme ukikatika na minara ikizima, wakala hana la kukufanyia. Maji ya kunywa, kitu cha kula ambacho hakihitaji moto, kanga mbili, tochi. Vyeti na kitambulisho vifunge kwenye mfuko wa nailoni. Simu ijae chaji na isiwe ya kutazamia video njiani. Vaa viatu vya kufunga, kandambili huondoka na maji. Mwachie mtu namba ya gari na saa uliyotoka, na mkubaliane: nisipopiga kufikia saa fulani, anza kuulizia. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji iwe kichwani, si ndani ya simu tu.

Kuhusu nauli, omba tarehe ibadilishwe kabla gari halijaondoka, kwa upole na mapema. Wengine watakubali, wengine watakataa. Wakikataa, hesabu hiyo hela imekwenda. Mtu akishaianza safari ili asipoteze nauli, atazilinda shilingi zake mpaka kwenye ukingo wa mto.

Mdogo wangu wa Kilwa alinuna. Siku ile ya Alhamisi usiku alilia kwenye simu, akasema, "Dada, kumbe harusi yangu ndiyo ya kukosa watu." Sikuwa na la kumjibu ambalo lingempoza. Ndoa ilifungwa ndani ya nyumba, na waliohudhuria walikuwa majirani. Tulikwenda wiki ya tatu ya Mei, wote saba, na mabegi yaleyale. Somanga tulipita taratibu, malori yamepanga foleni, vijana wanashusha mawe na kifusi, na kaka akateremsha kioo akatazama bonde lote kimya, kushoto na kulia, mpaka tukalimaliza. Tulipofika Masoko jioni, mdogo wangu alitupokea mlangoni akiwa amevaa sare ya harusi. Akatuambia tukavae za kwetu kwanza, ndipo tule.